Siku moja ya kupumzika kila wiki: mwongozo kamili kwa mwenye duka, bodaboda, mwajiriwa na nyumba nzima, Arusha na Moshi

Pita mtaa wowote wa Arusha au Moshi saa kumi na mbili asubuhi, utakuta duka la Mangi limeshafunguliwa na mikate imeshapangwa. Rudi saa nne usiku: taa bado inawaka, na Mangi ni yuleyule nyuma ya nondo. Saa 16 kwa siku, siku 7, ni saa 112 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya utafiti wao wa pamoja. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi imezidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo wa mishipa kuziba imezidi kwa asilimia 17. Mangi amezipita hizo saa 55 mara mbili. Bodaboda anayeshinda na kukesha kijiweni hayuko mbali naye.

Watu wanajua wamechoka. Kinachowashinda ni namna ya kupumzika bila duka kudorora, bila tajiri kuchukua pikipiki yake, bila bosi kununa. Siku ya mapumziko inatengenezwa siku tatu kabla, kwa daftari na kwa sufuria. Ukiiacha iwe "nikipata nafasi", nafasi haitapatikana.

Siku yako ianze jioni

Kwa hesabu ya wazee wetu wa Kiswahili, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, maana siku huanza jua likizama. Waislamu wanahesabu hivyo mpaka leo, na Wasabato nao wanaingia Sabato Ijumaa jua linapozama. Ichukue hesabu hiyo hata kama unasali Jumapili au husali kabisa. Funga kazi Jumamosi saa kumi na mbili jioni, irudie Jumapili saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa 24 kamili, na ndani yake kuna usiku mmoja mzima ambao asubuhi yake hakuna kinachokuamsha. Jua la Arusha na Moshi halitakusumbua, kwa sababu mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro.

Anayeanza kuhesabu asubuhi anapunjika. Jumamosi kafanya kazi mpaka saa tano usiku, Jumapili kaamka saa nne kichwa kizito, na ikifika jioni ameshaanza kuwaza Jumatatu. Anadhani kapumzika siku nzima, kumbe kapata saa nane tu. Ukianzia jioni, Jumapili jioni unakuwa na muda halali wa kupiga pasi sare za watoto, kuhesabu stoki na kujibu ujumbe, bila kuyaingiza hayo kwenye mapumziko.

Kuchagua siku

Usiichague kwa kubahatisha. Kwa wiki nne, kila usiku andika daftarini namba tatu: mauzo, faida na saa ulizokaa dukani. Mauzo peke yake yanadanganya, kwa kuwa siku ya sukari na unga mwingi inaonekana kubwa na faida yake ni shilingi kidogo kwa kilo. Gawa faida kwa saa. Siku inayotoka chini kwa wiki tatu kati ya nne ndiyo ya kufunga.

Mama lishe anayepikia watu wa maofisini, Jumapili anapumzika bila hata kupanga. Saluni ina wateja wengi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo Jumatatu inaifaa zaidi. Duka lililo karibu na kanisa linaweza kuuza Jumapili kuliko siku zote, na mwenyewe akapumzika Jumanne. Yote sawa, ila siku iwe ileile kila wiki, na iwe siku ambayo angalau mtu mmoja unayempenda naye yuko nyumbani.

Hilo la mwisho lina historia nzito. Mwaka 1929 Muungano wa Kisovieti uliondoa wiki ya siku saba ili mitambo ya viwandani isisimame. Wafanyakazi wakagawanywa makundi matano, kila kundi na siku yake ya mapumziko. Mume akawa nyumbani leo, mke keshokutwa, watoto siku nyingine. Watu walipumzika mara nyingi zaidi kuliko mwanzo na bado walilalamika, maana hawakuwa na siku ya kukaa pamoja. Wiki ya siku saba ilirudishwa mwaka 1940. Kama mke anafundisha shule na wewe una fremu, Jumapili inayoizidi Jumanne kidogo kwa faida bado inaweza kuwa siku bora ya kufunga.

Hesabu ya siku sita

Wengi wanakwama hapa kwa sababu hawajawahi kuiandika. Tuchukue mfano: kodi ya fremu 150,000, umeme na maji 50,000, ada za watoto ukizigawa kwa mwezi 180,000, chakula na matumizi ya nyumbani 400,000. Jumla 780,000. Ukigawa kwa siku 30 unahitaji faida ya 26,000 kila siku. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unahitaji 30,000. Tofauti ni shilingi 4,000 kwa siku, na hiyo ndiyo bei halisi ya mapumziko yako. Iweke kwenye kibubu kila jioni unapofunga: siku 26 zinakupa 104,000, ambayo ni 26,000 za siku nne ulizofunga.

Na hata hiyo 4,000 hutaitafuta yote. Familia inayotumia kilo mbili za sukari kwa wiki itaendelea kutumia kilo mbili. Itanunua Jumamosi jioni au Jumatatu asubuhi. Kinachopotea kweli ni vitu vya papo kwa papo: soda, vocha, biskuti, sigara mojamoja. Angalia daftari lako, jumlisha hivyo tu kwa siku unayotaka kufunga, uone hasara yako ya kweli.

Wiki ya kwanza dukani

Alhamisi anza kuwaambia wateja wa kila siku, mmoja mmoja, unapowapa chenji. Ijumaa tundika karatasi: "Jumapili tumefunga. Karibu Jumatatu saa 12 asubuhi." Usiandike sababu wala usiombe radhi.

Mikate ndiyo inayowatia watu hasara. Kama Jumamosi unauza 20 na Jumapili 15, usiagize 35. Wapo watakaonunua wa kesho, lakini wengine watapika uji au viazi. Anza na 25, uone imebaki mingapi, wiki inayofuata rekebisha. Nyanya na mboga zianze kuisha kuanzia Alhamisi. Maziwa ya kupima Jumamosi jioni yasibaki kabisa.

Saa kumi na moja jioni anza kufunga. Watangazie walioko dukani kwamba saa kumi na mbili mlango unafungwa. Kwenye nusu saa ya mwisho usikopeshe, kwa sababu ndiyo madeni yanayosahaulika kuandikwa. Kama wewe ni wakala wa pesa za simu, linganisha floti na fedha taslimu, andika namba zote mbili kwenye ukurasa mmoja, zima laini ya uwakala na uiache mahali salama. Ukiiweka mfukoni, duka limekufuata.

Jumapili saa mbili asubuhi jirani atagonga dirisha la nyuma akitaka chumvi. Atagonga, tegemea hivyo. Ukimuuzia, kufika mchana mtaa mzima utajua dirisha la nyuma liko wazi, na mapumziko yako yamekwisha. Ukimfukuza umevunja ujirani. Ingia jikoni kwako, mpimie chumvi kwenye kikombe, mpe bure. Amepata chumvi, na duka limebaki limefungwa.

Bodaboda na hesabu ya tajiri

Tuseme hesabu, ile pesa unayompelekea tajiri mwenye pikipiki, ni 10,000 kwa siku, siku saba, yaani 70,000. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba tajiri apokee 70,000 ileile kwa siku sita: ni 11,700 kwa siku kwa kukadiria, nyongeza ya 1,700. Ipime kwa nauli za kijiwe chako. Sehemu nyingi ni safari moja au mbili. Tajiri hapotezi chochote, na dereva aliyelala ana nafasi ndogo ya kumrudishia pikipiki iliyopinda uma. Mweleze hivyo hivyo.

Njia ya pili ni deiwaka. Siku yako ya ofu anaendesha mwenzako, analeta hesabu, kinachozidi ni chake. Kabla hujampa ufunguo, mkubaliane mbele ya tajiri mambo manne: pikipiki anaikuta na kuirudisha ikiwa na mafuta kiasi gani, faini akikamatwa analipa nani, akianguka anatengeneza nani, na saa ya kuirudisha. Mkiacha moja, ndilo mtakalogombania. Aliye kwenye mkataba wa pikipiki kuwa yake baadaye aandikishe marejesho kwa wiki na si kwa siku, halafu yeye ndiye apange siku gani asiingie barabarani.

Kumwaga oili na kubana mnyororo kufanyike mchana wa kabla ya mapumziko. Kushinda gereji Jumapili ni kazi.

Mwajiriwa: sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, imeweka mipaka ambayo wafanyakazi wengi hawajawahi kuambiwa. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Kati ya kutoka kazini na kurudi, saa 12 mfululizo. Kila wiki, angalau saa 24 mfululizo za mapumziko. Kufanya kazi ndani ya hizo saa 24 ni mpaka ukubali mwenyewe, na ukikubali kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Saa za ziada za siku nyingine zinalipwa si chini ya mara moja na nusu, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne.

Mshahara wa saa unapatikana hivi: mshahara wa msingi wa mwezi gawa kwa 4.333, kisha gawa kwa saa zako za kawaida za wiki. Kwa saa 45 ni sawasawa na kugawa kwa 195. Mwenye 390,000 analipwa 2,000 kwa saa. Ukiitwa Jumapili ukafanya saa 8, unadai 2,000 mara 2 mara 8, yaani 32,000. Posho ya "nauli na soda" haiondoi deni hilo. Mlinzi mwenye zamu ya urefu wa saa 12, usiku sita kwa wiki, anafikisha saa 72 kwa wiki, 288 kwa wiki nne. Saa za kawaida pamoja na za ziada zinazoruhusiwa kwa wiki nne ni 230.

Tahadhari moja: anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hafungwi na vifungu hivi vya saa. Huyo ajadiliane ndani ya mkataba wake.

Ukinyimwa, anza na kumbukumbu. Kwa mwezi mmoja andika kila siku saa ya kuingia, ya kutoka na nani alikuita, na piga picha ratiba iliyobandikwa ukutani. Kisha ongea na msimamizi kwa mdomo, kwa heshima, ukiwa na pendekezo mkononi: "Bosi, naomba ofu yangu iwe Jumanne kila wiki, fulani amekubali kunishikia." Msimamizi akiona zamu imeshazibwa anakubali kirahisi. Akikataa, andika barua na ubaki na nakala iliyosainiwa. Baada ya hapo kuna tawi la chama chenu cha wafanyakazi, kama CHODAWU kwa mahoteli na kazi za majumbani au TUICO kwa viwanda na biashara, kuna Afisa Kazi wa mkoa, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ambayo si ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ndani ya siku 60. Ya kuachishwa ni 30. Wanaochelewa mara nyingi ni wale walioahidiwa "tutaliangalia" mwezi hadi mwezi.

Wa mlimani na porini

Mgumu, yaani mpagazi, aliye njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, guide, mpishi wa kambi, dereva wa safari aliye na wageni kwa siku nane: hawa hawawezi kusimama katikati. Sheria imewaachia mlango. Kwa makubaliano ya maandishi, mapumziko yanaweza kuwa saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Saa 60 ni kuanzia Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi.

Hatari yao ni kushuka leo na kupanda kesho. Kwenye msimu, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena mwishoni mwa mwaka, kazi zinafuatana, na anayekataa anaogopa kusahaulika. Jibu ni kupanga kabla ya msimu: mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha na simu hazijaanza kulia, kaa na ofisi mkubaliane kwamba baada ya kila safari kuna siku mbili na nusu za chini. Mwezi wa Agosti hakuna atakayekusikiliza. Na zile siku za chini zisiliwe na kufua mahema ya kampuni wala kuosha gari. Hiyo ni kazi, ihesabiwe kazi.

Nyumbani: nani anapumzika?

Baba akipumzika Jumapili huku mama anafua beseni nne, anapika mara tatu na kukarimu wageni, nyumba hiyo haijapumzika. Siku ya mama ndiyo inayotaka maandalizi mengi kuliko zote.

Kufua kuishe Jumamosi saa tano asubuhi ili jua la mchana likaushe. Maji yajazwe kwenye ndoo Jumamosi mchana. Ubao wa kazi za watoto, hata karatasi tu, uoneshe nani anaosha vyombo asubuhi na nani jioni, wavulana kwa wasichana.

Chakula kiwe kinachopikwa mara moja. Makande yanafaa kuliko vyote. Kwa milo miwili ya watu sita: kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage, yalowekwe vyombo tofauti Ijumaa usiku. Jumamosi mchana mwaga maji ya kulowekea, bandika mahindi kwanza, baada ya saa moja ongeza maharage, yaache yachemke polepole saa nyingine mbili. Usitie chumvi mpaka yalainike. Usitie nazi, kitunguu wala nyanya Jumamosi, maana ndivyo vinavyoyachachusha. Kama hakuna friji, yachemshe tena kabla ya kulala, epua bila kufunua mfuniko, na asubuhi yachemshe upya kabla hujayagusa. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, usiku wa baridi unasaidia. Moshi iko chini na joto lake halina msamaha, hivyo usiruke hatua hiyo. Jumapili saa sita kaanga kitunguu na karoti, mimina, tia nazi au maziwa, dakika 15 mnakula. Jioni mnapasha.

Dada wa kazi ni mwajiriwa kama wengine. Saa zake 24 ni zake, akitaka kwenda ibadani, kwa ndugu au kulala. Ukimwambia "pumzika, ila uangalie mtoto", hujampa kitu.

Simu, vikao na misiba

Magrupu ya kazini yanyamazishwe kuanzia saa kumi na mbili. Ijumaa mwambie mtu mmoja kazini: "Likitokea la dharura, nipigie mara mbili mfululizo." Simu ikilia mara moja usiipokee.

Vikao vya harusi na send-off vinapenda Jumapili alasiri. Tuma mchango Jumamosi, mwombe mwenyekiti radhi, kikao kitaendelea. Kikoba mkipigie kura kihamie siku ya kazi jioni. Kwenda saiti kumwangalia fundi ni kazi. Naye fundi ana watoto.

Msiba haukataliwi. Nenda, uzike, ukae na wafiwa. Ila siku hiyo usiihesabu kuwa umepumzika: tafuta nusu siku ndani ya siku sita zinazofuata, iandike mapema.

Wiki sita za majaribio

Wiki ya kwanza na ya pili mauzo yatashuka na moyo utakudunda. Wapo wateja watakaokuta kufuli na kwenda kwa jirani. Wiki ya tatu au ya nne wanakuwa wameizoea siku, na Jumamosi jioni inaanza kuchangamka. Ukifungua "leo tu" katikati ya majaribio, rudi wiki ya kwanza, kwa sababu wateja wameacha kuiamini karatasi yako.

Mwili nao una ukaidi wake. Jumapili ya kwanza utashinda umelala na utaamka umechoka zaidi, hilo lisikutishe. Usipitilize saa mbili baada ya muda wako wa kawaida wa kuamka, la sivyo Jumapili usiku usingizi utakataa na Jumatatu itakuwa mbaya. Ongeza kulala mapema Jumamosi. Bia za Jumamosi usiku zinakula mapumziko kabla hayajaanza. Panga jambo moja tu kwa siku hiyo: ibada, au kupanda nyumbani Kibosho kuona wazazi, au kutembea na watoto. Mawili tayari ni ratiba.

Mwisho wa wiki ya sita fungua daftari. Linganisha faida ya wiki nne za mwisho na zile nne za mwanzo kabla hujafunga. Kama pengo halizidi pesa za kibubu, iondoe ile karatasi ya mlangoni, tafuta fundi wa maandishi, aandike maneno yaleyale kwa rangi.